Cheklisti usome umesimama au unatembea? Ulinganisho kwa rubani anayeanza kazi Dar

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliyetoka kupata leseni ya urubani wa kibiashara alinikuta nakunywa chai ya maziwa karibu na jengo la zamani la abiria, pale Terminal One. "Shikamoo, Kapteni." Marahaba, kaa. Alikuwa ameitwa na kampuni mbili kwa wakati mmoja, bahati ambayo sisi wa zamani hatukuijua. Zote mbili zinarusha Caravan, ndege ndogo ya injini moja, kwenda Unguja na kurudi, na mshahara unakaribiana. Miongozo yao ya kazi ndiyo iliyomchanganya. Ya kwanza inataka rubani amalize cheklisti yote, ile orodha ya mambo ya kukagua na kuandaa kabla ya kuruka, kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Ya pili inasema kazi nyingine ifanyike njiani, ndege ikielekea kwenye barabara ya kurukia, kwa sababu muda ni mafuta. Anataka kujua achague ipi.

Nilimjibu pale pale kwa maneno machache, halafu nikaona swali lile si la kujibiwa kwa maneno machache. Wapo wengi wanaoliuliza, na wamiliki wa kampuni ndogo wanaoandika miongozo hiyo wanapaswa kulijibu kabla ya rubani wao.

Tukubaliane kwanza kwamba safari ya ardhini ni safari. Abiria wengi, na marubani wachache pia, huhesabu hatari kuanzia pale ndege inaponyanyua pua. Lakini ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga, ile ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ilitokea juu ya lami ya kiwanja. Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ukungu mzito, watu 583. Ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea ardhini ikitafuta kiungio cha kutokea, yaani njia ndogo inayoungana na barabara ya kurukia.

Kuzungumza au kunyamaza

Karibu kila kampuni ina kanuni ya ukimya wa chumba cha marubani. Chanzo chake ni Marekani. Mwaka 1974 ndege aina ya DC-9 ya Eastern Air Lines ilianguka ikijiandaa kutua Charlotte na watu 72 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na magari ya mtumba. Mwaka 1981 mamlaka ya anga ya Marekani ikaweka sheria: wakati wa kutembeza ndege ardhini, kuruka, kutua, na shughuli nyingine zote chini ya futi 10,000 isipokuwa ndege ikiwa imeshatulia kwenye mwendo wa safari, hakuna mazungumzo wala kazi isiyohusu usalama wa ndege.

Kwenye vitabu kampuni zote mbili za kijana wetu wameandika hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye mazoea. Kwa kampuni ya kwanza ukimya unaanza breki ya maegesho inapoachiwa. Kwa ya pili, alivyosimuliwa na rafiki yake anayefanya kazi pale, ukimya unaanza mnara wa kuongozea ndege unapokuruhusu kuingia kwenye barabara ya kurukia. Kabla ya hapo ni Simba na Yanga tu.

Hapa sina haja ya kusitasita. Chagua ile inayoanza na breki.

Sababu yangu ni Lexington, Kentucky, tarehe 27 Agosti 2006. Ndege ya Comair, safari namba 5191, ilitakiwa kurukia barabara namba 22 yenye mita kama 2,135. Alfajiri, bado giza. Kiungio cha kuelekea 22 kilikuwa kinakatiza kwanza mwanzo wa barabara nyingine, namba 26, fupi ya mita kama 1,067 na isiyo na taa. Marubani wakageukia 26 wakidhani wamefika 22. Ndege ikaishiwa na lami. Kati ya watu 50, alipona mmoja tu, rubani msaidizi. Wachunguzi walikuta kwamba wakati ndege inatembea marubani walikuwa na mazungumzo yasiyohusu kazi, na kwamba hawakutumia dalili zilizokuwa mbele yao kujua wako wapi. Yapo na mengine yaliyochangia: matengenezo ya kiwanja yalikuwa yamebadilisha njia na chati zao hazikuendana nayo sawasawa, na mwongoza ndege, aliyekuwa peke yake zamu ile, alikuwa amegeukia kazi nyingine ya kiofisi. Lakini chati mbovu inamhitaji rubani aliye macho zaidi.

Sasa tazama kiwanja chetu. Julius Nyerere kina barabara mbili: 05/23 yenye mita 4,600 na 14/32 yenye mita 1,000. Kwa Caravan iliyozoea viwanja vya vumbi vya mbugani, mita 1,000 si tatizo. Kwa ndege kubwa ni kifo. Na kijana anayeanza na Caravan leo, Mungu akipenda, baada ya miaka kadhaa atakaa kwenye Dash 8 au Airbus. Mazoea ya macho na masikio anayojenga kwenye ndege ndogo ndiyo atakayohama nayo.

Ukimya nao una namna mbili, na miongozo mingi haizitenganishi. Kuna ukimya wa kufunga mdomo kabisa, ambao huzaa hatari yake: rubani msaidizi anaona Kapteni anapita kiungio, anaogopa kusema, anameza mate. Na kuna ukimya wa kuzungumza kazi tu, ambapo kila mmoja anasema kwa sauti anachokiona. "Kiungio hiki hapa kulia. Mstari wa kusubiri mbele. Tumeambiwa tusivuke." Huu wa pili ndio unaotakiwa. Katika utamaduni wetu ambapo mdogo hamkosoi mkubwa mbele ya watu, kampuni nzuri ni ile ambayo Kapteni mwenyewe, kabla ya kuwasha injini, humwambia kijana wake: ukiniona nakosea sema, nitakushukuru. Kama kwenye usaili wako hakuna aliyekugusia jambo hilo, uliza.

Cheklisti: hapa ndipo penye mzozo

Kwa haki, kampuni ya pili ina hoja. Caravan ikisimama kwenye maegesho ya Dar mwezi Februari, saa nane mchana, ndani ni tanuri. Abiria 12 wanajipepea kwa karatasi za tiketi. Nyuma yako kuna ndege nyingine mbili zinataka kutoka, na rubani wa mojawapo ni rafiki yako, anakung'uta mkono dirishani. Injini inakula mafuta hata ikiwa imetulia. Zidisha dakika 2 kwa safari 8 za siku na mwenye kampuni ana haki ya kushika kalamu.

Hoja yao ya pili ina uzito zaidi: ukimaliza cheklisti yote mapema, mambo yanaweza kubadilika kabla hujafika. Upepo umegeuka, mnara umekubadilishia barabara, na namba ulizosoma dakika 5 zilizopita zimekuwa si zako tena.

Lakini hebu tuangalie nini hutokea cheklisti inapoachwa isomwe njiani. Detroit, tarehe 16 Agosti 1987. MD-82 ya Northwest, safari namba 255. Marubani walibadilishiwa barabara ya kurukia wakiwa wanaondoka, halafu wakapita kiungio walichotakiwa kukatia. Katikati ya purukushani hizo cheklisti ya njiani haikusomwa, na flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyosaidia ndege kunyanyuka, hazikutolewa. Ndege ilinyanyuka kidogo ikaanguka. Watu 156 walikufa. Aliyepona ndani ya ndege ni mtoto wa miaka 4. Mwaka uliofuata, Agosti 1988, Boeing 727 ya Delta pale Dallas-Fort Worth: foleni ndefu ardhini, mhudumu wa ndege ameingia mbele, maongezi marefu yasiyohusu safari, flapu hazikutolewa tena, watu 14. Kisha Madrid, Agosti 2008: MD-82 ya Spanair ilirudi kwenye maegesho kwa hitilafu, ikatoka mara ya pili, cheklisti ikakatizwa, flapu zile zile. Watu 154.

Ukiziweka ajali hizi tatu pamoja utaona kwamba flapu zilikuwamo kwenye karatasi kila mara. Kilichotokea ni kwamba cheklisti iliwekwa kwenye muda ambao una wenyewe. Njiani kuna redio, kuna ndege nyingine, kuna kona, kuna gari la mafuta linalokatiza. Cheklisti ikikutana na hivyo, yenyewe ndiyo inayopisha, kwa kuwa haipigi kelele. Leo mashirika mengi makubwa hutoa flapu kabla ndege haijaanza kutembea, na njiani hubaki vitu vichache sana.

Nitasema na langu. Miaka mingi nyuma, kwenye kiwanja kimoja nisichokitaja, nikirushia kampuni nisiyoitaja, nilikuwa peke yangu kwenye Caravan natembea taratibu kuelekea barabarani. Nikainamisha kichwa kubadilisha masafa ya redio. Namba ya mwisho ikagoma, nikaizungusha mara mbili. Nilipoinua macho, mstari wa njano wa kusubiri ulikuwa umeshaingia chini ya pua. Nilikanyaga breki mpaka abiria wakashikana. Hakukuwa na ndege inayotua. Ingekuwepo, mtu mwingine angekuwa anaandika haya.

Baadaye nilifanya hesabu kwenye karatasi ya bahasha. Mwendo wa noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa), ambao ukiwa ndani unaona kama umesimama, ni mita 5 kila sekunde. Sekunde 5 za kuinama ni mita 25, kama urefu wa Caravan mbili zilizopangwa pua kwa mkia. Kwa noti 20 ni mita 50.

Kwa hiyo kwa rubani anayeruka peke yake sina mjadala: kampuni ya kwanza ndiyo sahihi. Flapu, redio, kipimo cha kuelekezea, maelezo ya njia ya kuondokea, vyote ukiwa umevuta breki. Ile hoja ya mambo kubadilika njiani ni ya kweli, na dawa yake ni kusimama tena. Mwambie mnara unahitaji dakika moja. Nimekaa kwenye kazi hii muda mrefu na sijawahi kumsikia mwongoza ndege akimgombeza rubani aliyeomba kusimama. Niliowasikia wakigombezwa ni waliosogea bila kuomba.

Kwa ndege yenye marubani wawili, njia ya kampuni ya pili inaweza kuvumilika kwa sharti moja: anayeendesha hashiki karatasi na hajibu kipengele kinachomtaka aangalie ndani, na kusoma kunasimama kabisa ndege inapokaribia kukatiza barabara yoyote. Kama mwongozo hausemi hivyo kwa maandishi, basi wameandika nusu.

Karatasi au tableti

Huku mizani inakaa tofauti kidogo, na najua wazee wenzangu watanisema.

Karatasi haiishiwi chaji. Haipati joto. Haikuletei ujumbe wa kikundi cha harusi. Ninakunja chati ya Dar nusu, naiweka kwenye paja, na kabla ya kuondoka nachora kwa penseli njia niliyopewa na mnara: kutoka maegesho, kiungio kipi, wapi nisimame. Mkono ukichora, kichwa kinakumbuka.

Udhaifu wake ni mmoja, ila ni mkubwa. Karatasi inakuonyesha kiwanja kilivyo, haikuonyeshi wewe uko wapi. Milan, kiwanja cha Linate, tarehe 8 Oktoba 2001, ukungu. Rubani wa ndege ndogo aina ya Citation alitakiwa kufuata kiungio kimoja akafuata kingine, kikampeleka moja kwa moja kwenye barabara ambayo MD-87 ya SAS ilikuwa inarukia. Watu 118. Alama za ardhini zilikuwa hafifu na rada ya ardhini haikuwa inafanya kazi. Hapo kitone kidogo kinachotembea juu ya ramani, kikisema "uko hapa, si pale unapodhani," kingekuwa na thamani isiyo na bei.

Sisi Dar ukungu wa namna hiyo hatuna, lakini mvua za masika tunazo. Aliyewahi kutembeza ndege hapa Aprili, maji yanamwagika kwenye kioo kuliko wipa au propela inavyoweza kuyaondoa, taa za viungio zimekuwa madoa ya rangi, anajua ninachosema.

Kwa hiyo tableti inashinda, ila si tableti hii ninayoiona mikononi mwa vijana. Ninayoiona ina WhatsApp, ina michezo, na chati ya miezi mitatu iliyopita. Data za safari za anga hubadilishwa kila siku 28; isiyosasishwa ni picha ya kiwanja cha zamani. Na ikiwekwa juu ya dashi, jua la Dar linaizima yenyewe kwa joto, kwa kawaida dakika ile ile unapoihitaji. Kampuni inayokupa tableti ya kazi, iliyofungiwa isipokee ujumbe, ikiwa na kishikio mahali pa kivuli, iko mbele ya kampuni inayokuambia utumie yako. Kama ni yako, basi karatasi ibaki kwenye paja. Mimi natumia vyote viwili: penseli nikiwa nimesimama, kitone kwa kutupia jicho tu. Ukijikuta unavuta ramani kwa vidole viwili huku ndege inatembea, simama.

Simu

Hapa sirefushi. Mwaka 2009, kabla ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo iliyoua watu 50, rubani msaidizi alituma ujumbe wa simu ndege ikiwa bado ardhini, dakika chache kabla ya kuruka. Ujumbe ule haukuiangusha ndege. Ila nidhamu iliyolegea ardhini ilipanda nayo juu, na uchunguzi ulikuta maongezi yasiyo ya kazi mpaka karibu na mwisho. Mwaka 2014 Marekani ikapiga marufuku kabisa marubani wa mashirika kutumia vifaa vyao kwa mambo binafsi wakiwa kazini kwenye chumba cha marubani.

Kampuni moja inasema simu iwekwe hali ya ndege, nyingine inasema izimwe. Mimi nasema begini. Iliyoko mfukoni, hata ikiwa kimya, mkono unaikumbuka. Na muulize mwenye kampuni swali hili: abiria akichelewa, mnanipigia mimi? Maana kwetu mara nyingi anayempigia rubani injini ikiwa imewaka ni ofisi yake mwenyewe. Kuna abiria mmoja yuko Tazara kwenye foleni, msubiri. Kampuni inayofanya hivyo haina kanuni ya ukimya, hata kama imeibandika ukutani.

Kiti cha mbele

Hili halimo kwenye vitabu vya mashirika makubwa, lakini kwetu ni la kila siku. Caravan inayorushwa na rubani mmoja ina kiti cha pili mbele, na kiti ni tiketi. Kampuni ya kwanza inakiacha wazi mpaka viti vingine vijae. Ya pili inakiuza kwanza, maana watalii wanakipenda.

Abiria wa mbele nimewabeba mamia, na wengi ni watu wazuri. Uzuri wao ndio tatizo. Anataka kujua kile kipimo ni cha nini, ile ndege pale inakwenda wapi, naomba tupige picha pamoja. Halafu kuna miguu. Upande wake una pedali kama zako, zimeunganishwa na zako, na ardhini ndizo unazogeuzia na kufungia breki. Mama mmoja mwenye viatu vizito aliwahi kunyoosha miguu yake kwa raha zake tukiwa tunatoka kwenye maegesho. Pua ikaanza kwenda kushoto na mimi sikuiambia iende.

Kwenye daladala za zamani kulikuwa na maandishi juu ya dereva: usizungumze na dereva gari likiwa kwenye mwendo. Ndivyo ninavyofanya. Kabla ya kuwasha injini namwambia abiria wa mbele: miguu nyuma, mikono mapajani, na mpaka nitakapokuonyesha dole gumba mimi na wewe hatujuani. Wanacheka, wanaelewa. Kati ya kuacha wazi na kuuza, chagua kampuni inayoacha wazi. Ikiwa umeshaajiriwa na inayouza, omba angalau wewe ndiye uchague nani akae pale. Usikubali apewe mtoto kwa sababu tu baba yake ameomba sana.

Kijana wetu alikwenda kampuni ya kwanza, ingawa ya pili ilimwongezea kidogo ilipomwona anasita. Jumanne iliyopita nilimpigia, jioni, nikijua ameshatua. Nikamuuliza cheklisti anaisomea wapi.

"Pale pale maegesho, Kapteni, breki nimevuta. Leo abiria mmoja kaniuliza kama ndege imeharibika."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikuwa nimefika kwenye flapu. Nilimjibu nilipomaliza."